Raba za Breki za Jirani Yangu

Raba za breki za dukani sizipendi, na sijawahi kuficha jambo hilo. Zinakuja nyeusi ti, zimenyooka, zimefungwa kwenye nailoni, na anayezinunua hujiona amepata. Basi azifunge kwenye baiskeli, apakie mikungu mitatu ya ndizi, ateremke nayo milima yetu ya Murusagamba mara nne tu, kisha aje tuzungumze. Zinaisha kama sabuni ya kipande iliyosahauliwa ndani ya beseni. Waliozitengeneza nadhani walikuwa wanamfikiria mtu anayekwenda kununua mkate kwenye barabara ya lami.

Kwa hiyo natengeneza zangu. Nilianza zamani kidogo, mke wangu akiwa hai, kwa sababu alikuwa akinisema kila niliporudi kutoka gulioni na soli ya kandambili imeliwa. Wanaume wengi huku tulikuwa tunafunga breki kwa mguu: unaukandamiza kwenye tairi, unakaza meno, na mengine unamwachia Mungu. Mke wangu hakuona kama hilo ni jambo la kumwachia Mungu.

Raba nzuri inatoka kwenye tairi la lori. Malori yanayokuja kubeba maharage huacha matairi yaliyopasuka kando ya barabara yetu, maana barabara hiyo haina huruma na mtu. Unachagua sehemu inayokanyaga ardhi, yenye meno, ambayo mpira wake ni mnene na mgumu. Ubavu wa tairi haufai, ni laini. Unachora kipande kwa msumari ukikilinganisha na raba kuukuu. Unakata polepole kwa kisu kikali, na kila baada ya muda unachovya kisu kwenye maji ya sabuni, kwa kuwa mpira mkavu hung'ang'ania chuma. Ukishakata unasugua kipande juu ya jiwe mpaka kikae sawasawa ndani ya kishikizi cha chuma kilichokuwa kimeshika raba ya zamani, unagonga kingo kwa nyundo, basi. Baiskeli moja inataka raba nne, mbili za mbele na mbili za nyuma. Nikiwa na utulivu namaliza kwa mchana mmoja.

Utulivu ninao mwingi. Mke wangu alifariki, huu ni mwaka wa nne. Watoto wako Geita na Mwanza. Wanapiga simu Jumapili, na mtandao ukiwa mbaya tunaitana haloo, haloo, mpaka salio linaisha tukijiona tumezungumza. Baada ya kuondoa matanga, binti zangu waligawana vyombo vya mama yao, nami sikuwazuia, ni haki yao. Mama yao alikuwa na visu vitatu, na kimoja kilikuwa cha kumenyea ndizi tu. Ole wake ambaye angekigusa kwa kazi nyingine. Waliniachia sufuria mbili, mwiko, na kisu kimoja. Nilijiambia mtu mmoja anahitaji visu vingapi.

Watu wa kanisani walinishauri nioe. Niliwajibu vibaya, wakaacha kunishauri, na baadhi yao wakaacha na kunitembelea.

Aliyebaki ni jirani yangu wa upande wa chini. Familia yake ilivuka kutoka Burundi yeye akiwa kijana, ikapata ardhi, ikalima, ikazika watu wake hapahapa. Ni mtu wa huku kuliko wengi wanaojigamba kuwa wa huku. Mimi nasema Kihangaza, yeye Kirundi, na tunaelewana bila shida. Tukiwa na watu wengine tunatumia Kiswahili, ingawa Kiswahili chake hakipatani na herufi l. Amenizidi miaka saba, nami namwita kaka. Yeye aliniita Fundi, tangu siku nilipomfungia raba za kwanza na akashuka mpaka bondeni bila kutoa mguu kwenye pedali. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Kwa wengine mimi nilikuwa yule mgane wa kule juu.

Kila siku ya gulio tulishuka pamoja, yeye mbele na mimi nyuma, kila mtu na ndizi zake kwenye keria. Aliongea njia nzima bila kugeuka, kuhusu ng'ombe wa fulani, kuhusu bei za Kabanga na wale wabadilisha fedha wa mpakani ambao alisema wana vidole vyepesi kuliko macho ya mtu, kuhusu goti lake. Mimi nilijibu mgongo wake. Kuna wiki ambazo hiyo ndiyo sauti pekee ya binadamu niliyoisikia, ukiondoa redio, na redio haikuulizi umelalaje. Siku ya gulio nilikuwa naamka nikiwa na furaha, na sioni haya kusema kuwa furaha hiyo haikuwa ya ndizi.

Mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, alinijia siku moja kabla ya gulio akisukuma baiskeli. Raba zake zilikuwa zimeisha, chuma kilikuwa kinakwaruza ringi. Aliniomba nimtengenezee nne mpya kabla ya kesho yake. Nilimwambia aiache baiskeli aende akapumzike.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimemenya ndizi za kupika. Kila mtu huku anajua kwamba utomvu wa ndizi mbichi ukishika mkono hautoki kwa siku mbili, kwa hiyo kabla ya kumenya unapaka mafuta viganjani na kwenye kisu. Mimi hupaka mawese, yale mekundu yanayoletwa kutoka ng'ambo. Nilimenya, nikakifuta kisu kwa jani la mgomba, nikakiweka. Mchana nikakichukua kisu hichohicho, kwa kuwa ndicho nilichonacho, nikaanza kukata mpira.

Siku hiyo kisu kilipita kwenye tairi kama kwenye papai. Sikuhitaji hata maji ya sabuni. Nikajisifu. Nilifikiri ni ule ukali nilioutia kwenye jiwe, nikasema moyoni kwamba mkono wangu sasa umekomaa, kwamba mke wangu angekuwepo ningemwita aje aone. Nilimaliza kabla jua halijapungua, nikafunga raba zote nne, nikaisukuma baiskeli tupu kwenye mteremko wa mikaratusi na kubana breki. Ikasimama pale pale. Jirani alipokuja kuichukua nilimpa kwa maringo, nikamwambia safari hii nimejizidi mwenyewe. Alicheka akasema kesho tutajua.

Kesho yake kulikuwa na manyunyu. Alikuwa amepakia mikungu minne, mmoja zaidi ya kawaida yake, na alikuwa mbele kama siku zote, akiongea. Tulipoingia kwenye mteremko mkubwa, ule unaopinda juu ya mtaro, sauti yake ilikatika. Kisha nikasikia ananiita Fundi, mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Baiskeli yake ilikuwa inakwenda mbio na miguu yake yote miwili inatafuta ardhi. Kwenye kona hakupinda. Nikaona mikungu inabiringika, nikaona gurudumu linazunguka juu ya mtaro likiwa halina mtu.

Niliitupa ya kwangu nikakimbia. Watu wawili waliokuwa wanakwenda gulioni walishuka nami mtaroni tukamtoa, tukamlaza kwenye majani. Mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, ulikuwa umevunjika, ulionekana ukisukuma ngozi. Alikuwa anasema neno moja tu, kwamba alibana na haikushika. Alilirudia. Mmoja wa wale watu akaniangalia, akaniuliza raba zikoje, maana walijua nani anazitengeneza.

Nikaenda kwenye baiskeli nikainama. Raba ya nyuma ilikuwa inang'aa. Nilipitisha kidole gumba juu yake, kikateleza, nikakinusa. Mawese. Nilielewa yote kwa mara moja: kisu, ndizi, papai langu la jana, mpira uliokunywa mafuta na kuyatoa ulipopata joto na maji. Wale watu walikuwa wananisubiri, na yeye alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye majani, ananisubiri pia.

Nikasema, "Raba ni nzima."

Hakubisha. Alilaza kichwa tena, akaunyanyua mkono wa upande usioumia, akautazama, akaufumba na kuufumbua. "Basi ni mikono," alisema. "Mikono imezeeka."

Tukatengeneza machela ya miti na kanga ya mwanamke mmoja aliyekuwa akipita, tukampeleka zahanati. Mimi nilishika mti wa mbele, upande wa kichwa chake, na nilikuwa namsikia anapumua njia nzima. Jioni nilizitoa zile raba nne, nikazitupa chooni, nikakata nyingine kwa kisu nilichokiosha kwa majivu na maji ya moto, nikaifunga baiskeli yake vizuri kuliko ilivyowahi kufungwa. Nilikuwa nafanya bidii kama mtu mwema.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilipita arobaini, zikapita tena, na hakuna aliyenikamata. Kila siku nilikwenda kumjulia hali. Nilimpelekea ndizi, kuni, nilimkatia majani ya mbuzi. Mke wake, shemeji yangu, alikuwa ananisifu mbele ya wageni, anasema ndugu wa damu wasingefanya haya, huku akimsema mumewe kwamba mtu mzima anashindana na baiskeli kama kijana. Watoto wake walipiga simu kutoka Nyakahura, nao wakamsema. Mimi nilikaa pale kwenye kigoda nikisikiliza mtu anaaibishwa kwa kosa langu, na nilinywa chai yao.

Alipoanza kukaa nje alitoa pombe ya ndizi. Huku hunywewa kwa mirija, na watu wanaoaminiana huitumbukiza mirija yao kwenye kibuyu kimoja. Usiyemwamini unammiminia kwenye kikombe chake akanywe mwenyewe. Alikivuta kibuyu katikati yetu kama tulivyozoea. Mdomo wangu ulikuwa karibu na wake. Kama kulikuwa na saa ya kusema, ilikuwa ile. Nikavuta pombe, nikasifu ilivyoiva.

Nitasema sababu, ingawa hainipendezi. Sikuogopa hasira yake; sijamwona akikasirika zaidi ya mara mbili. Sikuogopa kijiji. Niliogopa kwamba ataacha kuniita Fundi. Niliogopa siku ya gulio itakuja na mbele yangu hakuna mgongo wa kujibu. Nilikuwa na mtu mmoja, na nilifikiri ukweli utaniondolea huyo mmoja, nikaona afadhali awe na makosa yeye mwenye mke na watoto wanaompigia simu kila siku, kuliko niwe nayo mimi. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, tena kwa miezi.

Mfupa ukapona. Siku moja nilimkuta ameshika mpira uliosokotwa kwa maganda ya mgomba, kama ule wa watoto wa shule, anaubana na kuuachia, anaubana na kuuachia. Alisema daktari hakumwambia, ni yeye mwenyewe ameamua. Alikuwa anahesabu. Alinipa mkono wake wa kulia akaniambia nimpe wangu, akaubana, akaniuliza kama unabana au haubani. Vidole vyangu viliuma. Nikamwambia unabana. Alinitazama kama mtu anayeambiwa maneno ya kumfariji, akarudi kwenye mpira wake.

Kuna Jumamosi aliitoa baiskeli nje. Aliipanda kwenye uwanja wa nyumba, palipo tambarare, akazunguka mara moja, akabana breki. Zilishika vizuri sana. Nilikuwa nimezitengeneza mimi. Alishuka akasimama ameishika, akaitazama barabara inayoteremka, halafu akaiegemeza ukutani. Shemeji alikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mpaka wa migomba yetu na nilitaka kupiga hatua na sikupiga.

Mwezi uliofuata sikuiona ile baiskeli ukutani. Aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ameiuza gulioni kwa mtu wa vijiji vya juu. Alisema baiskeli si ya mtu ambaye hajui mikono yake itamtupa lini. Kisha akaniambia la pili. Bila baiskeli ndizi hazishuki, na bila ndizi kushuka shamba la mlimani ni mzigo tu, kwa hiyo mtoto wake wa kwanza ameshauri wahamie kwake Nyakahura. Kule ana ng'ombe, ardhi haina milima kama hii, na gulio liko kando ya barabara kubwa, mzee anakwenda kwa miguu. Shamba la hapa wameshampa mpwa wa shemeji alitunze. Wataondoka maharage yakishavunwa.

Nilimwambia ni uamuzi mzuri. Sijui kwa nini midomo yangu husema mambo haya. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni, nikalia, na nilipomaliza kulia nilikasirika, na wa kumkasirikia alikuwa mimi tu, hakuna mwingine ndani ya nyumba.

Maharage yalivunwa upesi mwaka huu. Asubuhi ya safari niliwabebea mizigo mpaka barabarani, mahali ambapo gari la abiria la kwenda Kabanga husimama. Kutoka Kabanga wangepanda basi la kupita Nyakahura. Shemeji alikuwa ametangulia na kuku wake wawili ndani ya tenga, anaagana na wanawake wenzake upande wa pili wa barabara. Sisi wawili tulikuwa tumekalia magunia. Alikuwa kimya, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza kwenye njia hii. Vumbi la gari lilianza kuonekana mlimani. Nikaona kwamba baada ya vumbi lile kufika hakutakuwa tena na kitu cha kupoteza.

Nikamwambia. Nilisema kwa Kihangaza, ili niseme upesi. Nilimwambia kisu, nilimwambia mawese, nilimwambia nilivyonusa kidole pale mtaroni na nilivyozitupa raba chooni jioni ile. Nilimwambia mikono yake haikuwa na kosa lolote, hata siku hiyo, hata leo.

Hakunitazama. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya goti, na nilidhani ataufumba, lakini aliuacha wazi hivyohivyo. Gari lilikuwa limeshapita zahanati. Akaniuliza nilijua lini. Nikamwambia siku ileile, kabla hatujamnyanyua.

Alipozungumza aliacha Kirundi akatumia Kiswahili, kama watu wanavyofanya ofisini, na hilo liliniuma kabla hata sijasikia maneno yenyewe.

"Ungeniambia ire siku ningekucheka," alisema. "Ningekucheka mwaka mzima, kira tukishuka. Sasa baisikeri nimeuza, na nyumbani nimehama."

Gari likasimama. Nilipakia magunia juu na utingo, na shemeji alinishukuru tena, akaniombea Mungu mbele ya abiria wote. Bado alikuwa hajui. Kaka alipanda, akakaa upande wa dirisha la mbali, na mke wake akakaa upande niliosimama mimi. Aliyenipungia mkono ni mke wake tu. Nilisubiri niitwe. Hata jina langu tu lingenitosha.

Wiki ile sikuongea na mtu. Siku ya gulio nilipakia mikungu mitatu, nikashuka peke yangu, manyunyu yakianza, na breki zilishika mteremko mzima mpaka chini.